Bibi Mwenye Mahazamu Mawili: Maisha ya Bibi Asmaa binti Abubakar



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na kumsalia Bwana Mtume Muhammad, yeye na ahli zake na masahaba zake, maneno ya leo yatakuwa juu ya bibi mmoja. Kiswahili kimelipa neno hili bibi kazi nyingi. Ni jina la heshima la kumwitia mwanamke. Ni jina la mama aliyemzaa baba au mama. Na kwa watu wa pande hizi za maziwa ni jina la mke pia. Mtajwa wa leo amestahiki yote matatu. Alikuwa bibi wa heshima tangu usichana wake Makka, akawa bibi wa Zubeir bin Awwam, na katika uzee wake akawa bibi wa wajukuu ambao elimu yake iko vinywani mwa walimu hata leo. Naye ni Asmaa binti Abubakar Siddiq, Mwenyezi Mungu amuwie radhi yeye na baba yake.

Watu wengi wakilisikia jina lake hukumbuka usiku mmoja tu, usiku wa mahazamu. Usiku ule hausahauliki, nao utatajwa. Lakini baada ya usiku ule aliishi miaka sabini na zaidi, akazaa, akalea, akaachwa, akapofuka, akafundisha, akazika. Na miaka hiyo husimuliwa kwa uchache kuliko inavyostahiki. Mwanamke akitajwa kwa ushujaa wa ujana wake kisha uzee wake ukaachwa, huwa ametajwa nusu.

Alizaliwa Makka yapata miaka 27 kabla ya Hijra. Mama yake ni Kutaila binti Abdul-Uzza, ambaye Sayyidna Abubakar alikuwa amemwacha tangu zama za ujahili. Bibi Aisha, mke wa Bwana Mtume, ni ndugu yake kwa baba, na Bibi Asmaa amemzidi umri kwa miaka kiasi cha kumi. Mwandishi wa sira Ibn Ishaq amemhesabu katika watu wa mwanzo kabisa kusilimu, baada ya watu 17 tu. Siku hizo aliyesilimu hakuwa na cha kutarajia kwa watu wake ila maudhi.

Mwaka 622, Makureshi walipoazimia kumuua Bwana Mtume, yeye na Sayyidna Abubakar walitoka kwa siri wakajificha siku tatu katika pango la mlima wa Thawr, kusini ya Makka. Kazi ya kuwahifadhi waligawana watu wa nyumba ya Abubakar. Abdalla, ndugu yake Bibi Asmaa, mchana alikaa na Makureshi akisikiliza mashauri yao, na usiku akazipeleka khabari pangoni. Amir bin Fuhaira alichunga mbuzi, akiwapitisha karibu na pango, yakapatikana maziwa, na nyayo za mpeleka khabari zikafutika. Bibi Asmaa kazi yake ilikuwa chakula. Masurufu ya safari yalipokwisha kutengenezwa ukatafutwa uzi wa kufungia mfuko wa chakula na kiriba cha maji, usionekane. Basi akavua mahazamu aliyojifunga kiunoni, akayapasua vipande viwili. Kimoja akafungia mfuko. Na cha pili, riwaya moja yasema alikifungia kiriba, na nyingine yasema alijifunga nacho mwenyewe. Tangu siku ile akaitwa Dhatun Nitaqain, yaani Mwenye Mahazamu Mawili. Jina hili lishikwe, kwa kuwa litarudi mbele katika kinywa cha mtu asiyelitaja kwa wema.

Baada ya wale wawili kuondoka, Abu Jahli alikuja na wenzake mlangoni, akamwuliza Bibi Asmaa baba yake yuko wapi. Akajibu kwamba hajui. Abu Jahli akampiga kofi la uso hata kipuli chake kikachopoka sikioni. Siri haikutoka. Kisha akaja babu yake, mzee Abu Quhafa, aliyekuwa amepofuka macho na wakati huo hajasilimu bado. Yeye alikuja kusilimu mwaka wa 8 wa Hijra (630), ilipofunguliwa Makka. Mzee alikuwa na wasiwasi kwamba mwanawe ameondoka na mali yote, kawaacha watoto mikono mitupu. Na ndivyo ilivyokuwa, kwani Sayyidna Abubakar alikuwa amechukua dirhamu zake zote, 5,000 au 6,000, kwa ajili ya safari ile. Bibi Asmaa akaokota vijiwe, akaviweka katika kidaka cha ukuta alimozoea baba yake kuweka fedha, akavifunika nguo, akaushika mkono wa babu yake akaugusisha hapo. Mzee akatulia, akasema kwamba ikiwa wameachiwa hivyo basi si neno. Bibi Asmaa mwenyewe ndiye aliyesimulia baadaye kwamba hawakuachiwa kitu, ila alitaka kumtuliza mzee. Mwenye akili na amtazame msichana huyu: asubuhi kapigwa kofi na mkubwa wa Makureshi hakulegea, na mbele ya mzee kipofu akawa laini kama pamba. Miaka mingi baadaye yeye naye alikuja kuyajua ya kutazama kwa mkono.

Hakukaa sana Makka. Alihama akiwa mja mzito aliyetimiza miezi yake, akafika Quba, ukingoni mwa Madina, na hapo akajifungua mtoto mwanamume. Huyo ndiye mtoto wa kwanza kuzaliwa Madina kwa Waislamu waliohama kutoka Makka. Akapelekwa kwa Bwana Mtume, akapakatwa mapajani mwake. Bwana Mtume akatafuna tende, akampaka mtoto kinywani, akamwombea baraka, na jina lake likawa Abdalla. Furaha ilikuwa kubwa kupita desturi, kwa sababu ulikuwa umeenea uvumi kwamba Waislamu wamerogwa, hawatapata uzazi. Kilio cha kitoto kile kikaukata uvumi. Mwanzo wa maisha ya Abdalla bin Zubeir ulikuwa takbiri za furaha, na mwisho wake pia watu walipiga takbiri. Lakini hizo za pili zilipigwa na maadui zake.

Maisha ya Madina yalikuwa ya dhiki. Zubeir bin Awwam, ambaye baadaye alitajirika sana, siku zile hakuwa na kitu cha kutajwa ila farasi wake na ngamia wa kutekea maji. Bibi Asmaa amesimulia mwenyewe, na simulizi lake limo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, kwamba yeye ndiye aliyemlisha farasi, akateka maji, akashona ndoo ya ngozi ilipotoboka, na akakanda unga. Mkate hakujua kuuoka vizuri. Akina mama wa Kiansari, majirani zake, ndio waliomwokea, naye amewasifu kwamba walikuwa wanawake wa kweli. Binti wa Abubakar, mtu aliyekuwa na mali Makka, hakuona haya kuwaambia wajukuu zake kwamba alikuwa hajui kuoka mkate. Akawataja kwa wema waliomsaidia.

Zubeir alikuwa amepewa shamba lililo mbali na nyumba kiasi cha theluthi mbili za farsakhi, nayo ni zaidi ya kilomita tatu. Huko Bibi Asmaa alikwenda kuokota kokwa za tende kwa chakula cha wanyama, akizibeba kichwani. Siku moja alipokuwa njiani na mzigo wake alikutana na Bwana Mtume akiwa na kikundi cha Maansari. Bwana Mtume akampigisha ngamia magoti ili ampakie nyuma yake. Bibi Asmaa akaona haya kwenda pamoja na wanaume, na akakumbuka wivu wa Zubeir, ambaye kwa wivu hakuwa na mfano. Bwana Mtume akatambua kwamba ameona haya, akaenda zake. Alipofika nyumbani akamweleza mumewe. Zubeir akasema kwamba kumwona amebeba kokwa kichwani ni kuzito kwake kuliko kupanda kwake pamoja na Mtume. Haikupita muda, Sayyidna Abubakar akampelekea mtumishi wa kumtunza yule farasi, na Bibi Asmaa akasema kwamba siku hiyo alijiona kama aliyeachwa huru. Wanaume wasikilizao khabari hii hupenda kuucheka wivu wa Zubeir. Wanawake husikia jambo jingine: njia ya zaidi ya kilomita tatu, jua la Hijazi, na mzigo kichwani.

Sasa yafuata jambo ambalo kwa Waislamu wa nchi hizi lafaa lisimuliwe polepole. Mama yake, Kutaila, hakusilimu pamoja naye. Alibaki Makka katika dini ya Makureshi. Ilipofungwa suluhu ya Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra (628), njia zikafunguka, na Kutaila akaja Madina kumtazama binti yake. Miaka ilikuwa imepita hawajaonana. Imepokewa kwamba alikuja na zawadi mkononi, na kwamba Bibi Asmaa alijizuia kuzipokea na kumkaribisha ndani mpaka kwanza ijulikane hukumu ya jambo hilo. Akauliza kwa Bwana Mtume: mama yake amekuja, naye ni mshirikina, ana hamu ya wema wake, je, amuunge? Bwana Mtume akamwamrisha amuunge mama yake. Na wako wafasiri wasemao kwamba aya ya 8 ya Suratul Mumtahina, inayoruhusu kuwatendea wema na uadilifu wale wasiowapiga vita Waislamu kwa ajili ya dini, ilishuka kwa kisa hiki.

Katika Burundi na Rwanda Waislamu ni wachache kati ya wananchi, na nyumba nyingi za Buyenzi na Nyamirambo zina mtoto aliyesilimu ambaye mama yake angali katika kanisa lake. Wako vijana wa namna hiyo ambao, kwa kudhani wanailinda dini yao, wamekata mguu kwenda kwa mama zao. Bibi wa wajukuu akafa hajawapakata. Wakiulizwa hujibu kwamba wanaogopa chakula, wanaogopa sikukuu, wanaogopa maneno ya watu. Bibi Asmaa naye aliogopa, na woga wake ulikuwa wa kweli, kwani mama yake alitoka katika mji ambao watu wake walikuwa wakipigana na Waislamu miaka michache tu nyuma. Lakini hakuufanya woga wake kuwa fatwa. Alikwenda kuuliza, akajibiwa, akafungua mlango. Hukumu ile haikuwekewa sharti kwamba mama asilimu kwanza.

Kwa ukarimu alijulikana mno. Mwanawe Abdalla alikuwa akisema kwamba hakuona wanawake wakarimu kuliko mama yake na mama yake mdogo Aisha, na kila mmoja na njia yake: Bibi Aisha alikusanya kidogo kidogo mpaka kikafika kiasi, kisha akakigawa, Bibi Asmaa hakuweka kitu cha kesho. Njia hii alifunzwa. Alipomwuliza Bwana Mtume kama atoe sadaka katika kile anacholetewa na Zubeir, aliambiwa atoe kadiri awezavyo, wala asifunge na kuhesabu, asije naye akafungiwa.

Ndoa yake na Zubeir haikudumu mpaka mwisho. Waliachana, naye akahamia kwa mwanawe Abdalla. Zubeir aliuawa mwaka wa 36 wa Hijra (656), katika fitina ya Vita vya Ngamia. Sababu ya talaka imesimuliwa kwa namna mbalimbali, na hapana faida ya kuipekua; watu wema nao huachana, wala talaka haikumpunguzia heshima hata chembe. Wanawe, Abdalla na Urwa na Mundhir na ndugu zao, walibaki wa baba yao na wa mama yao.

Akazeeka, na macho yakapofuka. Hapa ndipo zinapoanza khabari za bibi wa nyumbani ambazo kila mwenye bibi atazitambua. Mwanawe Mundhir alirudi kutoka Iraki akampelekea zawadi ya nguo nzuri za Marw na Quhistani, nyembamba na za thamani. Bibi Asmaa akazipapasa kwa mkono, akaguna, akaamuru arudishiwe nguo zake. Mundhir ikamwuma, akamweleza mama yake kwamba nguo hizo hazionyeshi mwili. Akajibiwa kwamba zisipoonyesha zitaeleza umbo. Basi akamnunulia nguo nyingine za kawaida za huko huko, akazikubali, akasema kwamba za namna hiyo ndizo anazotaka kuvishwa. Na katika siku za Said bin Al-As, alipokuwa liwali wa Madina, wezi walizidi mjini. Bibi Asmaa akatwaa jambia akaliweka chini ya mto wake. Alipoulizwa atalifanyia nini, akasema kwamba mwizi akiingia atampasua tumbo. Kipofu huyo! Hapana riwaya isemayo kwamba kuna mwizi aliyejaribu.

Juu ya khabari zote za uzee wake, iliyo kubwa ni ya elimu. Imam Dhahabi amezihesabu hadithi zilizopokewa kwake kuwa 58. Sehemu kubwa ya hizo hazikutoka msikitini wala darsani. Zimetoka chumbani mwake, kwa mjukuu wake wa kike, Fatma binti Mundhir, aliyekuwa akikaa naye na kumsikiliza. Fatma ndiye aliyetufikishia kwamba bibi yake, akiletewa mwanamke mwenye homa, humwombea dua, kisha huchukua maji akammwagia baina ya mwili na ukosi wa nguo, akieleza kwamba Bwana Mtume aliwaamrisha kuipoza homa kwa maji. Ndiye aliyepokea kwake namna ya kuisafisha nguo iliyoingia damu ya hedhi: ikwaruzwe, isuguliwe kwa maji, inyunyiziwe, kisha isaliwe nayo. Mambo ya namna hii wanaume wasingeyauliza, na lau wangeuliza wasingejibiwa kwa uwazi huo. Leo hayana kitabu cha fikihi kisichoyataja.

Ndiye Fatma pia aliyepokea khabari ya siku ya kupatwa kwa jua. Bibi Asmaa aliingia kwa Bibi Aisha akamkuta anasali, na watu wamesimama katika sala. Akauliza watu wana nini. Bibi Aisha, kwa kuwa yumo katika sala, akaashiria mbinguni. Akauliza kama ni ishara. Akaitikia kwa kichwa. Basi naye akasimama akasali, na kisimamo kikawa kirefu hata kizunguzungu kikamshika. Akawa anajimwagia maji kichwani. Kisha akaisikia khutba ya Bwana Mtume juu ya fitina ya kaburini. Mwanafunzi wa fikihi atatoa humo hukumu zake. Lakini kwanza humo mna bibi anayemsimulia mjukuu wake kwamba siku moja nusura aanguke katika sala, na hakuificha.

Fatma aliolewa na Hisham bin Urwa, binamu yake, naye pia ni mjukuu wa Bibi Asmaa. Imepokewa kwamba mke alimzidi mume umri kwa miaka 13. Bibi Asmaa alipofariki Hisham alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, na mengi ya bibi yake ameyapokea kwa mkewe. Hisham akawa mwanachuoni mkubwa wa Madina, na mmoja wa wanafunzi wake ni Imam Malik bin Anas. Mwenye kufungua Muwatta ya Imam Malik huiona silsila hii: Hisham kutoka kwa Fatma binti Mundhir, kutoka kwa Asmaa binti Abubakar. Mume kwa mke, mke kwa bibi yake. Na ikiwa ni ruhusa kuchanganya kicheko kidogo na elimu, Hisham alirithi na wivu wa babu yake Zubeir. Kwani aliposikia kwamba Ibn Ishaq anasimulia hadithi kutoka kwa Fatma, alikasirika, akauliza ni lini alipoingia kwa mkewe. Wanavyuoni wakamtetea Ibn Ishaq kwamba yawezekana kusikiliza nyuma ya pazia.

Nyumba za Waislamu wa hapa zimejaa mabibi waliomfahamu mwalimu wa kwanza wa mtaa, wanaojua ni nani aliyeuosha mwili wa nani, dua gani husomwa juu ya mzazi, na mti gani hutuliza tumbo la mtoto. Hawaulizwi. Mjukuu huketi naye chumba kimoja, kila mmoja na kimya chake, mpaka siku ya maziko. Ndipo huanza kutafutwa mtu wa kueleza marehemu alikuwa nani. Fatma binti Mundhir hakuwa na kalamu ya ajabu wala chuo. Alikuwa na subira ya kukaa karibu na kizee kipofu, na kuuliza.

Bibi Asmaa aliweka pia juba la Bwana Mtume, lililokuwa kwa Bibi Aisha. Alipofariki Bibi Aisha akalitwaa yeye. Walikuwa wakilifua na kuwapa wagonjwa maji yake kwa kutafuta shifaa, kama alivyopokea Imam Muslim. Na kitukuu chake, Abbad bin Hamza, amesimulia kwamba aliingia akamkuta katika Suratut Tur, amefika penye aya ya watu wa peponi wanaokumbuka walivyookolewa na adhabu ya Moto. Amesimama hapo hapo, akiirudia na kuomba. Abbad akatoka, akaenda sokoni kwa haja yake, akarudi, akamkuta angali pale pale.

Imebaki khabari ya mwisho. Mwaka wa 64 wa Hijra (683) Abdalla bin Zubeir alibaiwa ukhalifa, makao yake Makka. Mwaka wa 72 Abdulmalik bin Marwan, khalifa wa Sham, akamtuma Hajjaj bin Yusuf, akauzingira mji zaidi ya miezi sita, na mawe ya manjaniki yakaangukia Msikiti Mtukufu. Watu wa Abdalla wakamtoka kidogo kidogo kutafuta amani ya Hajjaj, hata baadhi ya wanawe. Ilipofika mwaka wa 73 (692), alipobaki na wachache, akaingia kwa mama yake kutaka shauri. Mwana ana miaka sabini na zaidi. Mama anakaribia mia.

Akamweleza kwamba watu wamemtupa, na maadui wako tayari kumpa dunia atakayo. Bibi Asmaa akamjibu kwamba yeye ndiye ajijuaye nafsi yake. Ikiwa anajua yuko katika haki na kwa hiyo haki alikuwa akiita, na aendelee, kwa kuwa wenzake wamekwisha kufa juu yake. Na ikiwa dunia ndiyo aliyoitaka, basi ni mja mbaya, amejiangamiza na kuwaangamiza waliouawa pamoja naye. Abdalla akasema anaogopa wasije wakaukatakata mwili wake na kuusulubu. Mama akamjibu kwamba mbuzi akisha kuchinjwa haumii kwa kuchunwa. Kisha akamkumbatia kumwaga, na mkono wake ukagusa deraya chini ya nguo. Akamwambia kwamba hilo si vazi la mtu atakaye anachokitaka yeye. Abdalla akalivua, akatoka, akapigana mpaka akauawa.

Wako waliolisikia jibu hili wakasema kwamba moyo wa Bibi Asmaa ulikuwa mgumu. Hawakutazama vizuri. Hakumwamrisha kufa, wala hakumwamrisha kuishi. Alimrudishia swali lake, kwa kuwa halikuwa la kujibiwa na mtu mwingine, hata mama. Na uchungu wake ulionekana baadaye.

Hajjaj akautundika mwili wa Abdalla. Akatuma mtu kumwita Bibi Asmaa, akakataa kwenda. Akatuma tena kwa kitisho kwamba ataletwa kwa kuburutwa nywele. Akakataa, akasema na aje huyo wa kumburuta. Basi Hajjaj akavaa viatu vyake, akaja mwenyewe, akamwuliza ameonaje alivyomfanya yule adui wa Mungu. Bibi Asmaa akajibu kwamba ameona Hajjaj amemharibia mwanawe dunia yake, na mwanawe amemharibia Hajjaj akhera yake. Kisha akamwambia kwamba amesikia anamkejeli mwanawe kwa kumwita mwana wa mwenye mahazamu mawili. Naam, ni yeye. Kimoja alikifungia chakula cha Mtume na cha Abubakar, na kingine ni mahazamu asiyoyakosa mwanamke. Na akamtajia khabari aliyoisikia kwa Bwana Mtume, kwamba katika kabila la Thaqif atatoka mwongo na mwangamizaji. Mwongo wamekwisha kumwona, na mwangamizaji hamdhanii kuwa mwingine ila yeye Hajjaj. Hajjaj, mtu ambaye majemadari walitetemeka mbele yake, akainuka akatoka, asijibu neno.

Mwili ukakaa juu siku kadha. Imepokewa kwamba Bibi Asmaa alikuwa akiuliza ni lini mpanda farasi huyu atateremshwa. Alikuwa akimwomba Mwenyezi Mungu asimfishe mpaka macho yake yatulie kwa kuupata mwili wa mwanawe. Mwishowe ulishushwa, akaletewa, ukaoshwa, ukakafiniwa, akasaliwa na kuzikwa. Hazikupita ila siku chache, wengine wasema kumi, wengine ishirini, naye akafariki Makka katika mwaka ule ule wa 73, akiwa na umri wa miaka 100. Jino lake halikuwa limeng'oka hata moja, wala akili yake haikupunguka. Yeye hutajwa kuwa ndiye wa mwisho kufa katika wanawake waliohama.

Kabla ya kufa aliwausia watu wa nyumbani kwamba akifa wazifukize nguo zake, kisha wampake manukato ya maiti; lakini sanda yenyewe wasiinyunyizie manukato hayo, wala wasimfuate na moto kwenda makaburini. Wasia huu ameuhifadhi mjukuu wake Hisham, aliyekuwa mtoto siku ile, na kwake Imam Malik akauandika.

Mwenyezi Mungu amuwie radhi Bibi Asmaa, na awarehemu mabibi na mama wa Waislamu waliotangulia.